Kuchagua darubini ya kioo ya kwanza: mwongozo kamili kwa watazama nyota wa karibu na ikweta

Ukikuta boksi lenye picha ya galaksi za rangi rangi na maandishi manene "675X", lirudishe rafuni bila hata kuuliza bei. Darubini haipimwi kwa uwezo wa kukuza. Kukuza kunaongezwa kwa kubadilisha lenzi ndogo ya jicho tu, hata kwenye darubini mbovu. Kinachopaswa kuandikwa kwa herufi nene ni kipenyo cha kioo, na kwenye maboksi ya namna hiyo utakikuta kimejibanza pembeni: milimita 76.

Mwongozo huu ni wa darubini akisi, yaani ile inayokusanya mwanga kwa kioo badala ya lenzi. Isaac Newton aliunda ya kwake mwaka 1668, na mpangilio wake haujabadilika sana. Mwanga unaingia kwenye bomba lililo wazi mdomoni, unafika kwenye kioo kikuu kilichopinda huko chini, unarudishwa juu hadi kwenye kioo kidogo kilicholazwa mshazari, kisha unatoka ubavuni unapoweka jicho. Kioo kinahitaji kusuguliwa uso mmoja tu, na hakitawanyi rangi kama lenzi. Ndiyo maana kwa pesa ile ile unapata kipenyo kikubwa kuliko cha darubini ya lenzi.

Hatua ya 1: Amua kipenyo kwa mgongo wako, si kwa tamaa

Mwanga unaokusanywa hukua kwa mraba wa kipenyo. Kioo cha milimita 150 kinakusanya mwanga mara 1.7 ya kile cha 114, na cha 200 mara 1.8 ya cha 150. Tofauti hizo unaziona kwa jicho. Katika kioo cha 114 kishada cha nyota cha Omega Kantarusi ni wingu lenye chembechembe kingoni. Katika cha 200, ukiwa mbali na taa za mji, nyota zinatengana moja moja hadi karibu na katikati.

Chini ya milimita 100, usinunue darubini ya kioo. Kwa bajeti hiyo darubini ya macho mawili ya 10x50 (inakuza mara 10, lenzi za mbele ni milimita 50) itakuonyesha mengi zaidi, na hata ukichoka na nyota utaenda nayo mbugani.

Milimita 114 hadi 130 ndizo darubini ndogo za kuweka juu ya meza. Zina uzito wa kilo tano au sita, zinaingia kwenye begi, na zinamfaa anayeishi ghorofani na kupandisha vitu juu ya paa. Tatizo ni hiyo meza: ikiwa ya plastiki na inayoyumba, utaona Zohali anacheza ngoma. Tafuta stuli nzito ya mbao au kreti la soda lililogeuzwa.

Milimita 150 yenye urefu wa fokasi (umbali kutoka kioo kikuu hadi mwanga unapokutana) wa 1200 ndiyo tunayompendekezea mtu anayeanza, karibu kila mara. Jumla ni kama kilo 15, na inatengana vipande viwili: bomba na kitako. Milimita 200 yenye fokasi ile ile 1200 ni bora zaidi kwa nebula (mawingu ya gesi na vumbi angani) na galaksi, lakini inakaribia kilo 20 au zaidi na bomba lake ni nene kama nguzo. Fanya jaribio hili kabla ya kulipa: chukua ndoo ya lita 10 iliyojaa maji, ikumbatie kifuani kwa mikono yote miwili, toka nayo chumbani hadi uani, halafu rudi nayo. Kama umelalamika njiani, nunua ya 150. Darubini kubwa inayolala chini ya kitanda haina faida kuliko ndogo inayotoka nje kila wiki.

Hatua ya 2: Soma namba mbili na upime bomba kwa macho

Kila darubini ina namba mbili, kwa mfano 150/1200. Ya kwanza ni kipenyo, ya pili ni urefu wa fokasi, zote kwa milimita. Gawanya ya pili kwa ya kwanza: 1200 ÷ 150 = 8, nayo huandikwa f/8. Darubini ya 130/650 ni f/5.

Namba hiyo ya f ina maana kubwa kuliko inavyoonekana. Darubini ya f/5 ni fupi na inaonyesha eneo pana la anga, lakini nyota za pembezoni huota mikia, lenzi za bei nafuu huaibika, na vioo vikikaa upande kidogo tu picha inaharibika. Uvumilivu wa kosa la vioo hukua kwa mchemraba wa namba ya f, kwa hiyo f/8 inavumilia kosa mara nne ya f/5. Kwa mtu asiye na fundi wa darubini mtaani kwake, hilo si jambo dogo.

Kuna mtego mmoja unaowanasa wengi, na unauzwa sana mitandaoni: darubini ya 114/1000 au 127/1000 yenye bomba fupi lisilofika nusu mita. Bomba la darubini ya Newton ya kweli huwa na urefu unaokaribia fokasi yake. Ikiandikwa 1000 na bomba ni sentimita 45, kuna lenzi ya kurefusha imefichwa ndani ya shingo ya fokasi, ile ya ubavuni inayoshika lenzi ya jicho. Kwa nadharia lenzi hiyo inarekebisha makosa ya kioo rahisi chenye umbo la tufe. Kwa vitendo, katika darubini za bei ya chini, picha huwa na ukungu ukishapita kukuza mara 100 hivi, na kupanga vioo ni adhabu kwa sababu lenzi hiyo inakaa katikati ya njia na inabidi ifunguliwe kwanza. Beba rula.

Uliza pia umbo la kioo. Kwenye 114/900 kioo cha tufe kinatosha, maana kosa lake ni dogo kwa fokasi ndefu hivyo. Kwenye 130/650 au 150/750 lazima kiwe cha parabola, mkunjo unaokusanya mwanga wote kwenye nukta moja. Muuzaji asipojua, tafuta kwenye maelezo ya kiwandani, na kama hapo nako kimya, achana nayo.

Hatua ya 3: Stendi, na kwa nini ikweta inabadilisha hesabu

Miongozo mingi imeandikwa na watu wa Ulaya na Marekani, nao humsifia anayeanza stendi ya ikweta, ile yenye mhimili ulioinamishwa na gogo la chuma la kusawazisha uzito. Jina lisikudanganye: ni ya ikweta ya anga, na hapa kwenye ikweta ya dunia inasumbua kuliko kwingine kote.

Mhimili wake lazima uelekee ncha ya anga, yaani nukta ambayo nyota zote huonekana kuizunguka, na urefu wa ncha hiyo juu ya upeo ni sawa na latitudo yako. London ni nyuzi 51. Dar es Salaam ni nyuzi 6.8 kusini, Nairobi 1.3 kusini, Kampala 0.3 kaskazini. Kwa hiyo mhimili unalala karibu sambamba na ardhi. Stendi nyingi za bei nafuu hazishuki chini ya nyuzi 15 au 20, na hata zikilazimishwa, fimbo ya uzito inagonga miguu ya stendi. Tena Nyota ya Kaskazini inayotumiwa kulengea haionekani Nairobi wala Dar, na upande wa kusini nyota iliyo karibu na ncha, Sigma Oktantis, ni hafifu mno, daraja la mwangaza 5.4 (namba ikikua, nyota inafifia). Mjini hutaiona kabisa.

Nunua stendi ya Dobson. Ni kisanduku cha mbao kinachozunguka juu ya sahani, na bomba linainuka na kushuka ndani yake kama mzinga. Ilienezwa na John Dobson wa San Francisco kuanzia miaka ya 1960. Haina gia wala skrubu za kulegea. Unasukuma kwa mkono, unaachia, inabaki pale pale.

Ina udhaifu mmoja ambao sisi wa huku tunauhisi kuliko wengine. Bomba likielekea utosini kabisa, kuzungusha kushoto na kulia hakusogezi lengo tena. Ni kama kuzungusha mwiko uliosimama wima. Sasa nebula ya kundinyota la Jabari (Orion), kitu kizuri kuliko vyote kwa darubini ndogo, inapita nyuzi moja na nusu tu kutoka utosini mwa Dar es Salaam. Utaikuta pale juu kabisa, unasukuma bomba, kitako kinazunguka nusu duara na nebula haitulii. Usipigane nayo. Itazame saa moja kabla au saa moja baada ya kupita juu. Katika saa moja anga husogea nyuzi 15, na hapo darubini inatii tena.

Kama gharama ya kusafirisha kitako inakutisha, tafuta bomba peke yake na umpe seremala kazi ya kitako. Atumie plaiwudi ya milimita 18, si ubao wa chenga, kwa maana ubao wa chenga ukipata umande kingo zake hufura kama mkate kwenye chai. Sahani mbili za duara, moja juu ya nyingine, ziunganishwe kwa bolti moja katikati. Juu ya sahani ya chini pachika vipande vitatu vya teflon (plastiki inayoteleza) kwa pembe ya nyuzi 120, kila kimoja kikae moja kwa moja juu ya mguu wake ulio chini ya sahani. Kikiwa katikati ya miguu miwili, sahani itapinda na kuyumba. Chini ya sahani ya juu gundisha fomaika yenye uso wa chembechembe. Ile laini inayong'aa hunata, na ukitaka kusogeza kidogo inaruka. Magurudumu mawili ya ubavuni yawe na kipenyo cha sentimita 15 hadi 20, nayo yakae kwenye teflon pale bomba linapojisawazisha likiwa na lenzi na kilengeo (kifaa kidogo cha kulengea nyota) vyote mahali pake. Ukipima bila lenzi, mdomo utainama kila ukiachia.

Hatua ya 4: Lenzi za jicho na kilengeo

Kukuza ni urefu wa fokasi wa darubini kugawanya kwa ule wa lenzi ya jicho. Darubini ya fokasi 1200 na lenzi ya milimita 25 inakuza mara 48; na ya milimita 10, mara 120. Kikomo cha kinadharia ni mara mbili ya kipenyo kwa milimita, yaani 300 kwa kioo cha 150. Angahewa ndiyo huamua, na usiku mwingi hupiti 200 hata ukiwa na kioo kikubwa.

Shingo ya fokasi iwe ya inchi 1.25 au 2. Ile ya milimita 24.5 ni dalili ya mchezo wa watoto, na hutapata lenzi nzuri za kuivalisha. Lenzi zilizochorwa "H" au "SR" ni za kutupa. Aina ya Plossl ya 25 na 10 inatosha kuanzia. Ya tatu ununue ya milimita 6 hadi 8: kwa fokasi 1200 lenzi ya 7 inakupa mara 171, kipimo kizuri cha Zohali na Mshtarii usiku uliotulia. Lenzi ya milimita 4 inayokuja bure kwenye boksi iache humo humo.

Kumbuka dunia inazunguka. Kwa kukuza mara 120 sayari inavuka uwanja wa lenzi ya Plossl kwa sekunde 100 hivi. Kwa mara 240, sekunde 50. Baada ya siku mbili tatu mkono wako utazoea kusukuma bila kufikiri.

Kilengeo cha nukta nyekundu kinatosha kwa sayari na nyota angavu. Kwa anga la mjini, ambapo nyota za kuongozea ni chache, chagua kidarubini cha 9x50 chenye shingo iliyopinda pembe mraba, maana huku tunatazama sana juu utosini na shingo ya binadamu haikuumbwa kupinda hivyo.

Hatua ya 5: Kukagua na kusafirisha

Dukani omba itolewe nje mchana. Elekeza kwenye mnara wa simu ulio mbali, jua likiwa mgongoni mwako. Picha itakuwa juu chini. Hiyo ni kawaida ya darubini hizi, si ubovu. Gonga bomba kwa kidole na uhesabu: likitetemeka zaidi ya sekunde tatu, stendi ni dhaifu. Zungusha kitufe cha fokasi mbele na nyuma. Picha ikiruka kando kila ukigeuza, shingo imelegea. Kwa iliyotumika, chungulia kioo kikuu. Vumbi si tatizo, hata likionekana baya ukimulika tochi. Tatizo ni madoa yenye kingo, rangi ya kutu, au sehemu unazoona glasi tupu: hapo tabaka la alumini limekwisha, na kulipaka upya kunahitaji mtambo maalumu.

Ukiagiza nje, usitazame uzito wa kilo peke yake. Wasafirishaji wa ndege hutoza kwa ujazo: urefu × upana × kimo kwa sentimita, kugawanya kwa 5000 au 6000. Boksi la bomba la 125 × 40 × 35 linahesabiwa kilo 35 kwa kigawanyo cha 5000, hata kama mzani unasoma 14. Kwa meli boksi hilo hilo ni mita za ujazo 0.175 tu. Subiri meli. Kwenye karatasi za forodha darubini ziko chini ya kichwa 9005, na aina hii ni 9005.80, mwambie wakala mapema ili isiingizwe kwenye kundi la kamera. Mwombe pia muuzaji avue kioo kikuu kifungwe peke yake kama bomba litapita kwenye mikono mingi.

Hatua ya 6: Kupanga vioo kabla ya usiku wa kwanza

Baada ya safari, vioo vimesogea. Hapa ndipo watu hukata tamaa na kusema darubini ni mbovu.

Laza bomba sambamba na ardhi. Kamwe usifungue skrubu za kioo kidogo bomba likiwa limesimama. Alenki ikiponyoka inaangukia kioo kikuu. Toa lenzi, chomeka kifuniko chenye tundu dogo katikati, kisha chungulia.

Kwanza, kioo kidogo kionekane duara katikati ya shingo. Pili, kwa skrubu zake tatu ndogo, geuza hadi uone kioo kikuu chote, na vishikizo vyake vitatu vya kingoni vyote vionekane. Legeza moja robo mzunguko ndipo ukaze nyingine. Ukikaza tu bila kulegeza, utaharibu nyuzi. Tatu, nenda nyuma ya bomba. Kuna skrubu sita: tatu za kufungia, ambazo unazilegeza, na tatu zenye springi, ambazo unazigeuza taratibu hadi alama ya pete iliyo katikati ya kioo kikuu ikae juu ya kitundu unachochungulia. Mwenzako akikaa nyuma akazungusha huku wewe ukiangalia, kazi ni dakika tano. Ukiwa peke yako, ishirini.

Usiku hakiki kwa nyota angavu: Suheli, au Rijili Kantori iliyo jirani na kundinyota la Salibu. Iweke katikati, kuza mara 150, toa fokasi kidogo. Utaona vipete na kivuli cheusi katikati. Kivuli kikiwa katikati kabisa, umemaliza. Na duara hilo lenye shimo si sayari. Wengi wameipiga picha na kuituma kwenye makundi ya WhatsApp. Rudisha fokasi, Rijili Kantori itajitenga kuwa nyota mbili.

Onyo moja lisilo na mjadala: usielekeze darubini wala kilengeo kwenye jua bila kichujio kamili kinachofunika mdomo wote wa bomba. Kichujio kidogo cha kuvalisha kwenye lenzi ya jicho kinapasuka kwa joto, na jicho huungua mara moja. Watoto wakiwepo, funika kilengeo mchana.

Hatua ya 7: Joto, umande na chumvi

Kioo kinahitaji kufikia joto la hewa ya nje, vinginevyo picha inachemka kama maji ya ugali. Nairobi au Arusha usiku wa Julai, toa darubini nje dakika 30 hadi 45 kabla kwa kioo cha 150, saa nzima kwa cha 200. Pwani mambo hugeuka: ukiitoa kwenye chumba chenye AC, hewa ya nje yenye unyevu inagandia kwenye kioo baridi na ndani ya dakika mbili huoni kitu. Usifute. Iache na mfuniko wake ipate joto, na siku nyingine ihifadhi kwenye chumba kisicho na AC.

Anayeishi Tanga, Mombasa au Unguja apambane na chumvi na kuvu. Funika ncha zote mbili za bomba, weka mfuko wa silika geli wa gramu 100 ndani, na ukaushe kila mwezi.

Kioo huoshwa mara moja kwa mwaka au miaka miwili, si zaidi. Kivue, kimwagie maji ya bomba kuondoa mchanga, kilaze ndani ya beseni lenye taulo chini, maji ya vuguvugu na tone moja la sabuni ya vyombo. Pitisha pamba iliyolowa chini ya maji bila kukandamiza, mkondo mmoja kisha tupa pamba hiyo. Suuza kwa maji ya betri yale ya kuongezea, yasiyo na asidi; chupa ya asidi inafanana nayo, soma lebo. Kisimamishe pembeni kikauke chenyewe, na tone litakalobaki lifyonze kwa ncha ya karatasi ya chooni.